Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Misumari ya Upepo Katika Karakana

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu bunduki ya misumari inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa, chombo ambacho zamani kilionekana katika viwanda vikubwa tu na ambacho sasa hata karakana ya watu wawili inacho. Tumeanza na barua iliyouliza mengi kuliko nyingine, nayo ndiyo iliyopewa nafasi kubwa.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi na wenzangu watatu tuna karakana Keko, Dar es Salaam, ambako tunatengeneza samani na, tukipata oda, paleti za kupangia mizigo. Tumenunua kompresa ya lita 50, bunduki ndogo ya pini ya F30 (inayopiga pini nyembamba zisizozidi milimita 30) kwa ajili ya samani, na bunduki kubwa ya misumari ya koili, yaani iliyoungwa pamoja na kuviringishwa, kwa ajili ya paleti. Vijitabu vilivyokuja navyo vimeandikwa Kichina. Tuvifunge vipi vifaa hivi, tuanze na upepo kiasi gani, na kuna hatari gani ambayo muuzaji hakutuambia?
Seremala, Keko

JIBU: Ndugu yangu, naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake litaamua namna mtakavyofanya mengine yote. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ni kwamba bunduki mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kabisa katika triga.

Bunduki kubwa iliyotengenezwa vizuri haifyatuki kwa kuvuta triga peke yake. Mbele yake kuna pua ya usalama, yaani kipande cha chuma chenye springi ambacho lazima kikandamizwe juu ya mbao ndipo upepo uruhusiwe kusukuma pistoni. Katika aina ya kwanza ya triga, ambayo hapa nitaiita triga ya kugusa, fundi anaweza kuishikilia triga muda wote, na kila pua inapogusa kitu msumari unatoka. Hii ndiyo inayopendwa na wapigaji wa paleti kwa kasi yake. Katika aina ya pili, triga ya mfuatano, pua lazima ikandamizwe kwanza ndipo triga ivutwe, na vyote viwili viachiwe kabla ya msumari wa pili kutoka.

Triga ya kugusa haibagui mbao na goti. Fundi akigeuka huku kidole chake kimesahaulika kwenye triga, na pua ikagusa paja la mwenzake, msumari utatoka. Zaidi ya hapo, bunduki kubwa hurudi nyuma kila inapofyatuka, kisha uzito wake na mkono wa fundi huirudisha mbele. Kama triga bado imevutwa, pua hugusa mbao mara ya pili na msumari wa pili hutoka bila kukusudiwa, mara nyingi juu ya kichwa cha ule wa kwanza, ukaruka pembeni. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2011 na taasisi ya utafiti ya NIOSH pamoja na OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo (isichanganywe na OSHA yetu, wakala wa usalama na afya kazini wa Tanzania) unaeleza kuwa hatari ya kuumia kwa anayetumia triga ya kugusa ni takriban maradufu ya ile ya anayetumia triga ya mfuatano kamili. Mwongozo huohuo unataja watu wapatao 37,000 kwa mwaka wanaofikishwa katika vyumba vya dharura vya nchi hiyo kwa majeraha ya bunduki za misumari.

Kuhusu F30 yenu, itazameni kwa makini zaidi, ingawa ni ndogo. Baadhi ya bunduki ndogo za pini zinazouzwa kwa bei nafuu, na nyingi za zile za stepla wanazotumia mafundi wa makochi, hazina pua ya usalama hata kidogo: triga ikivutwa, pini inatoka, iwe mbele yake kuna mbao au hewa tupu. Kama yenu iko hivyo, kinga pekee iliyobaki ni kidole chenu na uelekeo wa mdomo wa bunduki, na kwa maoni yangu chombo cha namna hiyo hakifai kukabidhiwa mwanafunzi.

Sasa tufunge vifaa. Kompresa ikae mahali pa usawa, penye hewa, mbali na msumeno, kwa kuwa vumbi la mbao huziba kichujio chake na kuipasha moto. Ichomekeni moja kwa moja kwenye soketi nzima ya ukutani. Kama kazi iko mbali, refusheni mpira wa upepo badala ya kurefusha waya wa umeme, kwa maana waya mwembamba na mrefu hupunguza umeme unaofika kwenye mota, nayo hupata shida kuwaka hadi ikaungua. Angalieni kiwango cha oili kwenye kioo chake, hakikisheni koki iliyo chini ya tangi imefungwa, kisha iwasheni na mngoje ijizime yenyewe. Kompresa nyingi za ukubwa wenu hujizima zikifika takriban psi 115 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo), yaani baa 8. Ikipita kiwango kilichoandikwa juu yake bila kujizima, izimeni na kuichomoa, na msiitumie hadi swichi yake ya upepo itengenezwe.

Mpira uwe na uwezo usiopungua kiwango cha juu kabisa cha kompresa, na uwezo huo huandikwa ubavuni mwake. Mwishoni mwa mpira hufungwa kiungio jike chenye springi, na kwenye bunduki hufungwa kiungio dume kilicho wazi. Naomba jambo hili lisipuuzwe, maana nimekuta mahali pamefungwa kinyume. Kiungio dume kilicho wazi huutoa nje upepo wote wa bunduki mara tu mpira unapochomolewa, kwa hiyo bunduki inakuwa imekufa kweli. Mkifunga kiungio jike kwenye bunduki, kitajifunga kwa springi yake na kubakiza upepo ndani, na bunduki mliyodhani iko salama itapiga msumari mmoja zaidi ikiwa mkononi mwa mtu anayeisafisha. Zungusheni tepu nyeupe ya mabomba kwenye nyuzi za kiungio, lakini uacheni uzi wa kwanza bila tepu ili vipande vyake visiingie ndani ya vali.

Kabla ya kuunganisha, wekeni matone mawili au matatu ya oili ya vifaa vya upepo kwenye tundu la kuingizia upepo, isipokuwa kama bunduki imeandikwa kuwa haihitaji oili. Mafuta ya breki, dizeli na dawa za kulegeza kutu hazifai, kwa kuwa huharibu oringi, yaani pete za mpira za ndani zinazozuia upepo kuvuja. Magazini, yaani sehemu inayobeba misumari, iwe tupu, mdomo uelekezwe chini kwenye kipande cha mbao, kidole kiwe nje ya triga, ndipo mpira uchomekwe.

Geji ya tangi na geji ya regulata, kifaa kinachopunguza upepo unaokwenda kwenye bunduki, ni vitu viwili tofauti. Bunduki inaishi kwa ile ya regulata. Anzeni na psi 60 kwa F30 na psi 70 kwa ile ya koili. Pigeni kwenye kipande cha mbao ileile mtakayoifanyia kazi, mkiongeza psi tano tano hadi kichwa cha msumari kilale sawa na uso wa mbao, kisha muishie hapo. Bunduki nyingi za pini hukoma psi 100 na za koili psi 120, lakini kikomo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye mwili wa bunduki yenu, kwa kuwa tarakimu husomeka hata kama kijitabu ni cha Kichina.

Lakini kabla ya kuweka misumari, hata ile ya kupimia upepo, ijaribuni triga. Vuteni triga pua ikiwa hewani: isifyatuke. Kandamizeni pua kwenye mbao bila kugusa triga: isifyatuke. Mwisho, vuteni triga kwanza mkiishikilia, kisha mkandamize pua kwenye mbao. Ikifyatuka, mna triga ya kugusa. Ikikaa kimya, mna ya mfuatano. Ikifyatuka katika jaribio la kwanza au la pili, basi ama haina pua ya usalama ama pua au triga yake ni mbovu, na ile ya koili ikifanya hivyo isiingizwe kazini kabisa. Kwa bunduki nyingi kubwa triga ya mfuatano huuzwa kama kipuri na hubadilishwa bila shida, nami ningewashauri muinunue. Najua hoja ya paleti, kwamba kazi inalipwa kwa idadi na kasi ndiyo faida. Hata hivyo muda mwingi wa paleti huishia katika kukata, kupanga na kushikilia mbao, na triga ya kugusa haipunguzi chochote katika muda huo. Yule anayebaki nayo awe fundi mzoefu, anayepiga juu ya meza iliyo tambarare, wala si juu ya ngazi.

Mkono unaoshika mbao ukae sentimita 30 au zaidi kutoka mahali msumari unapoingia, kwa kuwa msumari ukikutana na fundo hupinda na kutokea ubavuni mwa mbao. Kipande kisichoruhusu umbali huo kifungwe kwa klampu. Miwani ya kinga inayofunika pembeni ivaliwe na kila aliye karibu, hata anayepanga mbao tu, na masikio yazibwe, maana mlio wake ni mfupi lakini mkali sana. Msumari ukikwama, mpira uchomolewe kwanza. Vilevile unapobadilisha mtumiaji, unapopanda ngazi, na unapokwenda kula. Ninayo chuki moja ambayo sitaificha: mafundi wanaoifunga pua ya usalama kwa waya au mpira wa baiskeli ili isiwasumbue. Mkiikuta bunduki ya namna hiyo, hata kama ni ya kuazima kwa jirani, irudisheni.

SWALI: Nafanya kazi ya milango na vitanda vya mninga. Misumari ya bunduki yangu haizami, vichwa vinabaki juu milimita mbili au tatu. Nimeongeza upepo hadi psi 130 bila mafanikio ya kudumu: wa kwanza unazama, wa tatu unabaki juu. Je, bunduki ni mbovu?
Fundi, Tabora

JIBU: Maelezo yako, kwamba wa kwanza unazama na wa tatu unabaki juu, yananifanya nishuku kiasi cha upepo kuliko nguvu yake. Bunduki inahitaji psi za kutosha na pia wingi wa hewa unaoweza kufika kwa haraka. Ukiwa na tangi dogo, mpira mwembamba na mrefu, au kiungio kinachovuja, geji itaonyesha namba nzuri bunduki ikiwa imetulia, kisha itashuka ghafla unapopiga mfululizo. Mwombe mtu aitazame geji ya regulata wakati unapiga misumari mitano. Ikianguka, fupisha mpira au tafuta mpana zaidi, paka maji ya sabuni kwenye viungio uone mapovu, na uipe kompresa nafasi ya kujaza.

Ikiwa geji haianguki, geukia bunduki yenyewe. Oringi iliyokauka hupitisha upepo pembeni ya pistoni, nawe utausikia ukifuka kwa nyuma. Ulimi wa chuma unaogonga msumari ukilika ncha, huteleza juu ya kichwa badala ya kukisukuma. Yote mawili hutengenezeka kwa kipuri cha bei ndogo.

Lakini psi 130, ndugu yangu, irudishe chini leo. Bunduki nyingi zina kikomo cha 120 au chini ya hapo, na kuzidisha hupasua vifaa vya ndani na kuongeza mrudio, ambao kama triga yako ni ya kugusa ndio unaoleta msumari wa pili usioitwa. Mninga mkavu ni mgumu kuliko paini ya Mafinga ambayo bunduki hizi huipiga bila kuhangaika; tumia msumari mfupi zaidi mahali panaporuhusu, au tangulia kwa tundu la drili na msumari wa kawaida. Kwa maungio ya kitanda, kwa kweli, msumari haupaswi kubeba mzigo. Kazi hiyo ni ya ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu lake, pamoja na gundi, na pini ishikilie tu hadi gundi ikauke.

SWALI: Kijana wangu anajifunza useremala kwa fundi mmoja, na juzi mwanafunzi mwenzake alipigwa msumari kwenye kidole cha shahada. Fundi aliuvuta kwa koleo, akamfunga kitambaa na kumrudisha kazini. Je, alifanya sawa?
Mzazi, Morogoro

JIBU: Pole, dada au kaka, na pole kwa huyo kijana. Hapana, hakufanya sawa, ingawa naamini alikusudia kusaidia.

Misumari ya bunduki nyingi haiko laini kama ile tuliyoizoea. Ile ya koili mara nyingi ina mizunguko ya kushikia mbao, na huja imeungwa kwa waya mwembamba au plastiki; vipande vya viunganishi hivyo huingia pamoja na msumari ndani ya nyama. Kuuvuta kwa koleo huchana mara ya pili kile ambacho msumari ulikipita mara ya kwanza, na huacha takataka ndani. Kidole kina mishipa, kano na maungio yaliyobanana, kwa hiyo tundu dogo kwa nje linaweza kuficha mfupa uliovunjika au kano iliyokatika.

Linalotakiwa ni kuuchomoa mpira wa upepo ili asiumie mwingine, kuuacha msumari mahali ulipo, kuzungushia kitambaa safi pembeni yake bila kuukandamiza, kuvua pete kama ipo kabla kidole hakijavimba, kuuinua mkono juu na kwenda hospitali inayoweza kupiga picha ya eksirei. Kama kidole kimeshonwa pamoja na mbao, mbao ikatwe kwa msumeno wa mkono taratibu, aende na kipande chake. Chukueni na msumari mwingine wa aina ileile, ili daktari aone anachokwenda kukitoa. Aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kwa kijana huyo, ambaye msumari wake umeshatolewa, bado hajachelewa kupimwa. Kidole kikishindwa kukunjika, kikifa ganzi, kikivimba au kutoa usaha, aende siku hiyohiyo. Na kama kuna mkataba wa kazi, mwajiri anawajibika kuiarifu ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Neno mwanafunzi lisitumike kama kisingizio cha kuinyamazia.

SWALI: Umeme ukikatika, jirani yangu mchomeleaji amejitolea kuniazima mtungi wa oksijeni ili niendeshe bunduki yangu. Ana regulata nzuri. Je, inawezekana?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usithubutu. Ndani ya bunduki kuna oili, na oksijeni iliyokandamizwa ikikutana na oili inaweza kuwaka na kulipuka bila cheche kutoka nje, mkononi mwako. Regulata nzuri haiondoi hatari hiyo. Gesi ya kupikia na mitungi mingine ya gesi nayo isikaribie. Bunduki hizi hutumia hewa ya kawaida iliyokandamizwa na kompresa, basi.

Kwa kuwa umegusia kukatika kwa umeme, kumbuka kuwa mota ikinyamaza tangi bado limejaa, na bunduki iliyounganishwa inaweza kupiga misumari kadhaa katika karakana ambayo kila mtu anaiona imelala. Giza likiingia, la kwanza kuchomolewa liwe mpira.

SWALI: Tuko karibu na bahari, na bunduki zetu zinatema maji pamoja na upepo. Aidha tangi la kompresa limeanza kuvuja katundu kadogo kwa chini. Mchomeleaji anasema ataliziba kwa dakika tano. Tumruhusu?
Kikundi cha mafundi, Tanga

JIBU: Matatizo yenu mawili yana chanzo kimoja. Hewa ya pwani imebeba unyevu mwingi. Kompresa inapoikandamiza na tangi kuipoza, unyevu hugeuka maji na kutulia chini. Yasipotolewa, mengine hufuata mpira hadi kwenye bunduki, yakaosha oili na kuzitia kutu pistoni na springi ya pua ya usalama, ambayo ikikwama ikiwa imebanwa ndani ni sawa na kutokuwapo. Yanayobaki hula chuma cha tangi kutoka ndani. Kila jioni zimeni kompresa, punguzeni upepo hadi ubaki kidogo, mfungue koki ya chini hadi maji na kutu viishe. Kwa Tanga ningeifungua mchana pia wakati wa mvua za masika, na ningeongeza kichujio cha maji kabla ya regulata.

Ama mchomeleaji, hapana. Katundu kamoja kwa nje ni dalili kwamba chuma cha eneo zima kimekonda. Moto wa kuchomelea utakidhoofisha zaidi, na tangi likipasuka kwa psi 115 hurusha vipande vya chuma chumba kizima. Matangi ya upepo ni miongoni mwa vyombo ambavyo OSHA hukagua katika sehemu za kazi, na hakuna mkaguzi atakayepitisha kiraka cha aina hiyo. Toeni upepo wote, chomoeni waya wa umeme, mfungue kichwa na mota, kwani vyaweza kuhamishiwa kwenye tangi jipya la ukubwa uleule. Tangi la zamani, kabla hamjalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, litoboeni matundu makubwa kwa drili, ili asitokee mtu wa kulinunua huko, kuliziba na kulijaza upepo tena.